Mkono Pembeni mwa Picha

Kachu, kachu, kachu. Sauti ya mkasi ilinikuta ngazini, boksi la shangazi likiwa begani, nikajua kuna mtu ameanza kukata kabla mwalimu hajafika. Mwalimu nilikuwa mimi. Nilipousukuma mlango kwa goti niliona hakuna kinachokatwa. Mwanamume mnene mwenye aproni ya buluu alikuwa ameketi mbele ya meza tupu akikata hewa, kama wafanyavyo vinyozi wakingoja mteja atulize shingo.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Mkono wangu ukikaa bure unawasha."

Huyo alikuwa Kinyozi, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Alitaka kitabu cha mitindo ya nywele, wateja wachague kwa kidole badala ya kumwelezea kwa mikono hewani. Pembeni yake alikaa msichana niliyempa jina la Bi Harusi moyoni mwangu kabla ya dakika mbili kupita, kwa sababu kila alichosema kilipitia harusini kwake, na harusi yenyewe ilikuwa bado miezi saba. Karibu na dirisha alikuwapo mama mmoja aliyeketi wima, mkoba mapajani, miwani imening'inia kwa uzi shingoni. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi moja kwa miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu, na hata pale alipokaa kimya vidole vyake viligongagonga mkoba. Wenzake walimwita Mpigachapa.

Wanafunzi watatu. Shangazi aliniambia wapo kumi na wawili. Tisa waliposikia kwamba anakuja mpwa wake, walikumbuka kwamba wana nguo za kufua.

Darasa lenyewe lilifanyika kwenye chumba cha juu cha maktaba ya mtaa, na lilikuwa la kutengeneza albamu za kumbukumbu. Kwa asiyejua: unachukua picha za watu wako, tiketi, kadi, kipande cha gauni, unavibandika kwenye kurasa nene, unazungushia utepe, unaandika maneno matamu chini yake, halafu unaalika wageni waje wafute machozi. Ndivyo nilivyoliona jambo hilo, na ndivyo nilivyomwambia shangazi nilipokwenda kumwona. Alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta, ameuegemeza juu ya mito miwili kama mgeni wa heshima.

"Wewe Malenga," aliniambia. Aliniita hivyo kwa kunikejeli tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano. "Nifundishie Jumamosi hii moja tu."

"Shangazi, mimi ni mtu wa tungo. Nikafundishe kubandika maua?"

"Tungo zako nani amezisoma?"

"Watazisoma."

"Basi wakati unawangoja, nenda kafundishe."

Kisha akanipa masharti. Mkasi unakaa kabatini saa nzima ya kwanza. Kila mtu anatoa picha zake, anazigeuza moja moja, anaandika nyuma kwa penseli ni nani yumo, kuanzia kushoto, hata kama ni kivuli tu. Na anasema kwa mdomo, wenzake wakisikia. Kabla ya kushika picha, kila mtu ananawa mikono.

"Saa nzima ya umbea," nikasema.

"Saa nzima. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Kusikia nilisikia.

Lazima niseme nilivyokuwa siku hizo, maana bila hivyo yaliyofuata hayataeleweka. Mchana naandika vibao vya maduka kwa brashi. Utungaji nimejifunza peke yangu, kwenye vitabu vilivyokwisha kuchanika majalada. Hakuna aliyenishika mkono, nami sikumwacha mtu asahau hilo. Niliamini jambo moja kuliko yote: mstari mzuri ni ule usio na ziada. Kama mizani ni kumi na sita, basi ya kumi na saba ni takataka, hata ikiwa ni jina la mama yako. Kukata ndiko kulikonitofautisha mimi na watu wanaoandika kadi za pongezi.

Kwa hiyo nilipofungua boksi la shangazi mbele ya wale watatu, nikaona tepe za rangi ya waridi, vipepeo vya karatasi, na nyota zinazong'aa, niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Nilivisukuma pembeni. Nikagawa mikasi.

"Tunaanza na penseli," akasema Mpigachapa. "Shangazi yako hutuanzisha na penseli."

"Leo tunaanza na mkasi, mama."

Akavaa miwani, akanitazama, akaivua. "Basi acha niseme kidogo, mwanangu. Mjukuu wangu anasafiri kesho alfajiri na mama yake. Wanahamia mbali, mbali kweli. Ana miaka sita. Baba yake ni mwanangu wa pekee, alifariki mtoto akiwa bado tumboni. Nataka mtoto aondoke na baba yake ndani ya kitabu. Sina siku nyingine ila leo."

"Pole sana, mama. Tutamweka ukurasa wa kwanza."

"Ndiyo maana nataka niieleze picha yenyewe, kwa sababu si kama picha..."

"Maelezo tutayaandika chini yake, kwa ufupi," nikamkatiza. "Nitakutungia mimi mwenyewe. Ubeti mmoja tu, lakini utasimama."

Alikwenda kunawa mikono, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, akaacha bahasha yake ya picha mezani.

Nikasimama katikati ya chumba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia. Nilizunguka meza nikieleza kwamba picha nayo ina mizani yake, kwamba mpigapicha wa kawaida ni mtu anayeropoka, anamkamata shangazi, mbuzi, na ndoo ya jirani katika pumzi moja. Kazi yetu ni kumnyamazisha. Kinyozi alitikisa kichwa kwa kukubali. Bi Harusi aliuliza kama anaweza kumkata wifi yake mtarajiwa.

"Kwa nini?"

"Amevaa nguo inayogombana na yangu."

"Kata," nikasema, naye akamkata wifi yake kwa furaha ambayo sijaiona tena usoni mwa mtu.

Gundi ilimwagika, nikaikanyaga, sikujali. Kinyozi alikuwa na tabia yake ya kazini: kila kilichoanguka sakafuni alikifagia papo hapo. Alichukua ufagio nyuma ya mlango bila kuombwa, akakusanya vipande, akavitia kwenye mfuko, akashuka nao hadi pipa la uani, akarudi. Nikamwuliza kwa nini asingoje tumalize.

"Kwangu kilichoanguka hakina mwenyewe," akasema. "Nikiacha nywele sakafuni, mteja anayefuata anahisi ni zamu yake kunyolewa upara."

Nilihitaji picha ya mfano. Nikaichomoa ya juu kabisa katika bahasha ya Mpigachapa. Ilikuwa imepigwa ofisini: yeye mwenyewe ameketi mbele ya mashine yake, shada la maua ya plastiki kifuani, anacheka bila kuzuia. Siku yake ya kustaafu, bila shaka. Lakini upande wa kushoto kulikuwa na nusu ya kabati, robo ya kalenda, na mkono. Mkono wa mtu ambaye hakuwemo katika picha, uliotokea ukingoni na kutua begani kwake.

Nikaiinua wote waione. "Hapa ndipo pa kujifunzia. Huyu mama anacheka vizuri, sivyo? Sasa kabati la nini? Na mkono huu? Hauna uso, hauna mwenyewe. Hii ndiyo mizani ya kumi na saba."

Kachu.

Nilikata kwa mstari ulionyooka, mimi ni mwandishi wa vibao. Kipande kilichotoka nikakikata tena mara mbili, kuonyesha kwamba mabaki yanaweza kuwa mapambo ya pembeni, kisha nikaona hayafai hata kwa hilo, nikayaachia yaanguke. Kinyozi alifagia. Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Mpigachapa alirudi akijikausha mikono kwa leso. Akaketi, akavaa miwani, akaichukua ile picha. Vidole havikugonga.

"Mkono uko wapi?" akauliza.

"Nimeusafisha, mama. Tazama ulivyobaki peke yako, umependeza zaidi."

"Mwanangu, mkono uko wapi?"

Bi Harusi ndiye aliyefahamu kabla yangu. Aliweka mkasi chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Mwanangu hakupenda picha," Mpigachapa akasema. Hakuniambia mimi, aliiambia picha. "Tangu mdogo. Ukinyanyua kamera, yeye ameshatoka. Harusini kwake alijificha nyuma ya mpishi. Hata kitambulisho chake tulizikwa nacho... alizikwa nacho mfukoni, hakuna aliyekumbuka kukitoa. Siku hiyo ya kustaafu kwangu alisimama nyuma yangu, mpigapicha akasema moja, mbili, yeye akaruka pembeni. Lakini mkono aliusahau." Akagusa pale begani, penye ncha nne za vidole ambazo mkasi wangu ulikuwa umeziacha, hazina kiganja wala mtu. "Kidole gumba chake kimepinda, hivi. Mjukuu naye anacho hicho hicho, wenzake shuleni wanamcheka. Anaulizauliza amekitoa wapi. Nilimwahidi leo jioni ataona."

Bi Harusi alinigeukia.

"Mwalimu si alisema hauna mwenyewe?" akasema.

Kinyozi akaingia na mfuko mtupu, ufagio kwapani, anatabasamu.

Tulishuka wote. Uani kulikuwa na pipa la chuma linalofika kifuani, na lilitumiwa pia na ofisi ya ghorofa ya chini, ambayo ina mashine ya kuchana nyaraka. Nilipochungulia ndani nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Pipa lilijaa hadi shingoni vipande virefu vya karatasi, vyembamba, vyeupe, upana ule ule wa vipande vyetu. Ofisi nzima ya watu wazima hulipwa kufanya nilichofanya mimi bure.

Tulilipindua. Tukakaa chini juani tukichambua. Kinyozi alikuwa ameshikwa na huzuni ya mtu mnene, ile inayotoka na jasho.

"Ningengoja," alisema. "Ningengoja tu mpaka mwisho."

"Si kosa lako," Mpigachapa akamwambia.

"Ni la mkono wangu. Mkono huu haujui kukaa."

"Wewe umefagia. Aliyekata ni mwingine."

Alisema hivyo bila kunitazama na bila kupandisha sauti. Nimetukanwa na watu wenye vipaji. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia tungo zangu ameandika juu yake kwamba karatasi ni nzuri. Hakuna kilichowahi kuniingia kama yale maneno matano.

Bi Harusi, ambaye nilikuwa nimekwisha kumhukumu kuwa kichwa chake kimejaa utepe, alikunja gauni lake la gharama, akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza kupanga vipande kwa rangi: vya ofisi huku, vyetu kule. Baada ya nusu saa tulikuwa na nusu ya kabati. Baadaye kidogo tukapata kalenda, na kipande cha mkono wa shati, na saa ya mkononi, na sehemu ya kiganja. Alipata pia wifi yake, akamfuta vumbi, akamtia mfukoni.

Kidole gumba hakikuonekana.

Tulivichambua vyote mara ya pili. Adhuhuri ilikuwa imepita, chumba kilitakiwa kufungwa saa tisa, mlinzi alishakuja mara mbili kutikisa funguo. Nikaingiza kichwa ndani ya pipa tupu, nikakwangua kutu kwa kucha. Nikatambaa. Nikalala kifudifudi kuchungulia chini ya ngazi, makalio juu, nyayo zikitazama mbingu. Kama kuna mtu angetaka kuchora tangazo la kiburi kilichopewa haki yake, angenichora vile.

"Usisogee," Mpigachapa akasema nyuma yangu.

Nikatulia.

"Inua mguu wa kulia."

Akainama, nikasikia ukucha ukikwangua soli. Kilikuwa pale. Kipande chenye kidole gumba kilinasa kwenye gundi niliyoikanyaga, na tangu asubuhi nilikuwa nakitembeza: nikihutubia, nikishuka ngazi, nikizunguka pipa nikikitafuta kwa bidii. Kilichubuka pembeni, kimeingia mchanga. Lakini ukucha ulionekana, na pale kilipopinda palionekana kabisa.

Kinyozi alikaa chini palepale na kujifuta uso kwa aproni. "Mwalimu," akasema, "samahani, lakini hili nitawasimulia wateja."

"Simulia."

Hatukurudi juu. Mlinzi alituazima meza yake ya getini. Nilinyoosha mkono nikitaka kuunganisha vile vipande, Mpigachapa akausogeza pembeni kama unavyomwondoa kuku kwenye mkeka.

"Niachie," akasema. "Nimepanga karatasi na kaboni zake miaka thelathini na mmoja, nakala tano kwa mpigo, hazijapishana hata nukta."

Aliigeuza picha kifudifudi, akavipanga vipande kwa ncha za kucha, akavishika kwa nyuma na ukanda wa karatasi wenye gundi kavu, ule ambao shangazi aliuweka chini kabisa ya boksi nami nikaudharau kwa kuwa haung'ai. Alipoigeuza tena, mkono ulikuwa umerudi begani. Mistari mitatu ilipita katikati yake, myeupe, kama kovu lililoshonwa na fundi mzuri. Akaibana ukurasani kwa pembe nne za karatasi, hakutia gundi hata tone. Hakutia utepe.

Nikajikohoza. "Mama, ule ubeti niliokuahidi. Naweza kuuandika hapa chini, ufunike kidogo ile mistari..."

"Hapana."

"Mstari mmoja tu."

"Huu mkono haukuwahi kutaka makuu," akasema. Akachukua penseli, akaichomoa picha kwenye pembe zake, akaandika nyuma kwa herufi ndogo zilizonyooka: "Kushoto, baba yako. Kulia, mimi." Basi. Mizani kumi na mbili. Nilihesabu, ni ugonjwa. Nikatafuta cha kuondoa, sikukiona.

Kisha akairudisha picha mahali pake, akafunga albamu na kunikabidhi niibebe. "Twende nyumbani. Mimi sitamweleza mtoto kwa nini baba yake ana makovu. Utamweleza mwenyewe."

Ningeweza kusema nina kibao cha duka la viatu ninachotakiwa kukimaliza. Ni kweli nilikuwa nacho. Nikambebea albamu, tukapita nyuma ya soko hadi nyumba yenye mlango wa kijani. Sebuleni kulikuwa na masanduku mawili yaliyofungwa kamba, na juu ya sanduku moja aliketi mtoto wa kike, viatu vya safari miguuni, kana kwamba kesho ingeweza kuondoka bila yeye. Mama yake alikuwa chumbani akikunja nguo.

"Bibi, umechelewa," mtoto akasema.

"Nimechelewa. Kuna kaka hapa, ndiye aliyenichelewesha. Shikamoo yake iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema, nami sikujiona nastahili.

Albamu ikafunguliwa mapajani mwake. Aliitazama picha kwa muda mrefu, kwa ukali, kama karani anayekagua hati. Kisha akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha pale begani. Kilikuwa kidogo zaidi, lakini kilipinda mahali pale pale.

"Kimepinda," akasema.

"Kimepinda," bibi yake akajibu.

"Kwa hiyo nimekitoa hapa."

"Umekitoa hapo hapo."

Kisha akapitisha ukucha juu ya ile mistari mitatu. "Mbona amekatika?"

Mpigachapa akakunja mikono, akanigeuzia uso.

"Nimemkata mimi," nikasema.

"Kwa nini?"

Nilikuwa nalo jibu refu, lina hoja, lina mifano. Mbele ya viatu vile vya safari lilikuwa uchafu mtupu. "Sikuuliza ni mkono wa nani."

"Bibi angekwambia."

"Alitaka kuniambia. Nilikuwa naongea."

Alinipima kutoka juu hadi chini, na sidhani kama kuna mhakiki atakayewahi kunimaliza kwa haraka vile. "Wewe ni mwalimu?" akauliza.

"Tangu asubuhi."

"Na utakata tena watu?"

Nikachuchumaa, macho yetu yakalingana, nikanyoosha mkono naye akaushika, kidole chake kilichopinda kikinibana. "Nakuahidi," nikamwambia, "Jumamosi ijayo nitafundisha tena, na mkasi utakaa kabatini mpaka kila mmoja aseme picha yake ina nani, hata tukimaliza siku nzima. Na mtu yeyote akisema kwamba mkono hauna mwenyewe, nitamtoa nje, hata nikiwa ni mimi."